Nyongeza Mwisho wa Kanda

Fundi hakupenda kelele. Hilo naliweka mbele kabisa, maana karibu kila nitakalolisema juu yake litalipinga. Alizungumza chinichini hata alipokasirika. Pikipiki iliyong'olewa sailensa ikipita, alitoka hadi barazani na kidole mdomoni, na amini usiamini, wengine walipunguza mwendo. Chai yake aliikoroga bila kijiko kugusa kikombe. Na mtu huyuhuyu ndiye aliyeingiza Malindi, nyumba baada ya nyumba, muziki wa magitaa yanayonguruma kuishinda mashine ya kusaga barafu.

Jina lake lilikuwa kwenye kibao cha duka, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa Fundi tu, kwetu sisi, kwa Wahindi wenzake, hata kwa mkewe mbele ya watu. Kazi yake ilikuwa kunakili kanda. Vijana wa siku hizi wanahitaji kuelezwa: ulimpelekea kanda tupu, ukamwambia unataka muziki gani, na kesho yake ukaikuta imejaa. Alikuwa na mashine mbili juu ya meza, ya kushoto ikipiga na ya kulia ikinasa, na katikati yake kijiti cha udi kilichowashwa kila asubuhi kabla ya kanda ya kwanza. Alivaa shati jeupe lililotiwa wanga, na kabla ya kugusa kanda yoyote alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Mara ngapi nimesimama pale mlangoni na sare yangu ya shule, nikimwangalia akijifuta vidole, hadi nikasahau nilichotumwa.

Albamu ya muziki huo wa magitaa haikuwa yake. Aliachiwa na mgeni mmoja kijana, mwenye nywele ndefu na miguu iliyobabuka kwa jua, aliyeleta redio yake ndogo ya mfukoni itengenezwe. Kanda ilikuwa mlemle ndani. Mgeni alisema atarudi Jumatatu, na Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo. Fundi aliitengeneza redio, akaijaribu, na ndipo alipousikia ule muziki. Tangu hapo aliviweka vyote viwili ndani ya bati la biskuti, akiitoa kanda kwa ajili ya kunakili tu na kuirudisha palepale. "Amana haiozi," alikuwa akisema. Kila Jumatatu alilifuta vumbi lile bati.

Leo najua ilikuwa kitu gani. Ilikuwa kazi ya kundi la vijana wa mji mmoja wa mvua na mbao, kaskazini-magharibi mwa Marekani, waliochukua uzito wa roki ya zamani wakauchanganya na ukorofi wa panki, ule muziki wa vijana wasiochana nywele. Walirekodi upesi, kwa vifaa vya kuungaunga, na mwanzoni walioisikia walikuwa wachache. Baadaye muziki wa namna hiyo, ulioitwa granji, ulienea duniani hata vijana wa Nairobi wakavaa mashati mazito ya mirabamiraba, na waandishi wa muziki walipogeuka nyuma kutafuta ulikoanzia, waliikuta albamu hiyo imekaa karibu kabisa na mlango. Wanasema makundi mengi ya roki mbadala yamechota humo. Sisi hatukuyajua hayo. Tulijua ni kanda ya Fundi.

"Huu ni muziki wa watu wasiokaukiwa na nguo," alitueleza. Hakuwahi kuiona nchi ya baridi, lakini aliijua Mei ya kwetu, mvua inapopiga wiki nzima, mashuka yanakaa kambani hadi yanaota ukungu na viatu vya shule vinavaliwa vikiwa majimaji. Siku hizo ndizo alizoipiga dukani, kwa sauti ndogo. Mvua juu ya mabati, moshi wa udi, magitaa yakijikokota chini ya mvua, na mwimbaji akilalamika kivivu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka. Watu walioingia kujikinga na mvua walisahau kuondoka. Namkumbuka mama mmoja muuza viazi karai aliyesinzia kwenye benchi, beseni lake mapajani, na Fundi akaipunguza sauti zaidi asije akamwamsha. Mimi nilihisi niko chini ya maji, na sikutaka kupanda juu.

Sasa nyongeza. Ukinunua maharagwe, muuzaji akishapima huongeza kiganja kimoja juu, na asipoongeza unamwona bahili. Fundi alifanya vivyo hivyo na kanda. Albamu ile ilikuwa fupi, kila upande ulibakisha dakika kadhaa tupu, na mtu huyu aliyechukia kelele hakuvumilia kimya cha mwisho wa kanda hata kidogo. "Kanda isiishe mtu hajashiba," alisema. Kwa hiyo aliujaza mwisho wa kila upande kwa kitu alichokichagua mwenyewe, na hakumwuliza mteja wala kumwambia. Alikutazama uso wako tu.

Askari mmoja wa trafiki, mkali kama pilipili, alipata dakika nne za kuku wakigombana. Hakuna aliyethubutu kuuliza maana yake. Mhudumu wa hoteli moja huko Kikambala, mbali na kwao, kijana wa Kigiriama kutoka Gede, alikuta asubuhi ya kwao: wanawake wakinadi mihogo, makanga wakigombania abiria, jogoo aliyechelewa kuwika, na mtu akimsalimia mwenzake kwa Kigiriama kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa amekwenda Gede mwenyewe na kinasa sauti mkononi, siku moja tangu alfajiri. Mwisho wa mwezi yule kijana alirudi dukani, akasimama mbele ya meza.

"Ilitosha?" Fundi akamwuliza.

"Ilizidi," kijana akasema. "Nlipanda gari nkaenda nkamwona mama."

Kuna jambo ambalo sikulijua wakati huo, na ndilo lililonirudisha kwake baada ya miaka mingi. Ile mashine ya kushoto ilikuwa ikienda polepole. Ndani yake mlikuwa na mpira mwembamba wa kuzungusha kanda, na hewa yetu ya chumvi hulegeza mipira. Ikipiga polepole, ya kulia inaunasa huo upolepole, na nakala inabaki hivyo milele, uipige popote upendapo. Malindi nzima tuliijua albamu ile ikiwa nzito na ya chini kuliko ilivyorekodiwa, na hatukuwa na nyingine ya kulinganisha.

Binamu yangu na wenzake wawili waliunda kundi lao wakajifunza nyimbo zote kutoka kwenye kanda ya Fundi, wakishusha nyuzi za magitaa hadi zikalingana nayo. Wakapata nafasi ya kupiga hotelini Bofa, pamoja na mpiga kinanda wa hapo. Hakuna noti iliyokubali kukaa na mwenzake. "Nyinyi mmejifunzia kisimani?" mpiga kinanda akawauliza, mbele ya wageni. Walirudi Malindi wamevimba, wakamwambia Fundi kwamba hoteli ile ina kinanda kibovu. Fundi alijifuta vidole, kimoja kimoja.

Siku nyingine, nikiwepo, aliingia mgeni mwingine aliyeijua ile albamu. Alifurahi kuisikia mpaka akapiga meza, kisha akakunja uso, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba mashine inakwenda polepole. Fundi hakubabaika. "Kwenu kuna baridi, wanapiga haraka warudi ndani," akamjibu. "Huku imepata nafasi ya kupumua." Sote dukani tulicheka. Fundi mwenyewe hakucheka, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Kazi yake ya pili ilikuwa harusi, na hapo ndipo ilipokuwa heshima yake yote. Siku ya hina, wanawake wakiwa peke yao ndani, Fundi aliibeba mashine ya kunasia hadi mlangoni, akamkabidhi mkewe, kisha akavuka kichochoro akasimama upande wa pili, mgongo kwa nyumba, jua la saa tisa likimpiga utosini, hadi shughuli iishe. Kiti akiletewa hakukaa. Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, chiriku wa maneno, na rafiki mkubwa wa mama yangu. Ndiye aliyebonyeza vitufe. Na ilipofika zamu ya kunakili kanda hizo kwa ajili ya wenye harusi, Fundi alizima spika akatazama sindano za kupimia sauti tu zikicheza. "Sauti za wanawake wa watu," alisema, "mimi nazipitisha, sizisikilizi."

Mama yangu aliimba katika hina hizo. Aliimba vizuri, na aliimba mbele ya wanawake tu. Hata nyumbani, akijua kuna wanaume barazani, alishusha wimbo ukawa mvumo wa puani. Alifariki nikiwa kidato cha pili, kwa homa ya siku nne.

Baada ya arubaini nilimpelekea Fundi kanda tupu, nikamwomba ile albamu. Nilitaka kitu chenye kelele za kutosha, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imenyamaza kiasi cha kuniumiza masikio. Alinitazama uso kwa muda. Kesho yake alinipa kanda, akaniambia jambo ambalo sijamsikia akimwambia mtu mwingine: "Isikilize mpaka mwisho."

Niliiweka mchana, baada ya kula, nikajilaza. Muziki ule mzito ulinichukua na usingizi ukanichukua. Nilipoanza kuzinduka, mama alikuwa akiimba. Aliimba wimbo wa kumsifu bi harusi, ule aliouimba siku zote, na vigelegele nyuma yake. "Abee mama," nikaitika, nikainuka, na nilikuwa nimefika mlango wa jikoni ndipo nilipokumbuka. Nilisimama pale na mkono kwenye fremu ya mlango. Wimbo ulipokwisha, mwanamke mwingine alisema maneno machache kwa sauti nzito ya ajuza, vigelegele vikimfunika nusu, kisha kanda ikakatika. Sikuwahi kumtambua. Nilimchukulia kuwa shangazi fulani wa bwana harusi.

Baadaye niliitafuta kanda ya harusi yenyewe, nikaambiwa imeshafutwa. Wenyewe walirekodia mawaidha juu yake. Kwa hiyo sauti ya mama iliyobaki duniani ilikuwa hiyo yangu tu, mkiani mwa albamu ya vijana wa mji wa mvua. Niliitunza. Niliipiga mara moja kwa mwaka, kwa kuogopa isije ikakatika, na kidogo kidogo ikala kumbukumbu yangu. Mama niliyemkumbuka alikuwa na sauti ya chini, ya kuvutavuta maneno, ya mtu aliyechoka. Nilimhurumia sana. Nilidhani ndoa na mapishi vimemmaliza.

Mwaka jana, nyumbani kwangu Kilifi, mpwa wangu alikuwa akiosha vyombo huku simu yake ikipiga muziki. Niliijua albamu kwa noti ya kwanza, lakini ilikuwa nyepesi, ya juu, inakwenda mbio.

"Hiyo umeiharakisha," nikamwambia.

"Shangazi, hii ndiyo yenyewe. Ndivyo walivyoitoa."

Nilileta kanda yangu tukazipiga pamoja. Mpwa wangu alicheka mpaka akashika tumbo, akisema yangu imemeza dawa za usingizi. Mimi nilikaa kitako sakafuni. Kama albamu haikuwa hivi, mama naye hakuwa hivi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nikimlilia mwanamke mwenye sauti isiyokuwa yake, na sauti yake ya kweli nilikuwa nimeshaisahau. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitaka, na mtu wa kuiomba alikuwa mmoja tu.

Jumamosi yake nilikwenda Malindi na mkate wa sinia, kanda, na simu ya mpwa wangu. Duka linauza vifuniko vya simu sasa. Fundi alikuwa chumba cha nyuma, shati jeupe lakini bila wanga, sikio la kulia limeziba. Mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na nyumba ilikuwa na ule utulivu ambao zamani angeupenda.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni yule wa kusimama mlangoni."

Nilimweleza yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande wa sikio zima, na nilipofika kwenye mwendo wa mashine alianza kujifuta vidole, na hakuwa ameshika chochote.

"Nlijua," akasema. "Yule mgeni aliposema, nlipima siku ileile nikaona kasema kweli. Lakini nshanakili miaka. Ningeubadilisha mpira, watu wangelinganisha, wangejua za zamani zote mbovu. Harusi zao, wazazi wao. Nikaona haya. Halafu ile haya ikakaa, ikawa mtu wa nyumbani."

Nilikasirika, sitaficha. Nilitamani nichukue mkate wangu nirudi Kilifi. "Si ungeniambia mimi tu?" nikasema.

"Ningekwambiaje? Ulikuwa na miaka kumi na tano, na hiyo ndiyo sauti uliyokuwa nayo."

Akainuka, akavuta mashine ya kushoto kutoka chini ya kitanda, imefunikwa shuka. Mpira mpya ulikuwa kwenye bahasha juu yake. Alikuwa ameununua zamani, akakosa ujasiri. Aliufunga, akasafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kisha akaingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu la nyuma, penye skrubu ya kurekebisha mwendo.

"Weka albamu kwenye simu," akasema. "Ile sauti ndefu ya gitaa ya mwisho."

"Kwa nini tusitumie wimbo wa mama wenyewe? Wewe si utaijua sauti yake ikifika mahali pake?"

"Mimi siijui." Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Sijaisikia hata siku moja. Mke wangu alinitafutia wimbo unapoanzia, nami nlikunakilia nimezima spika."

Basi tukatumia albamu. Ndiyo iliyokuwa na mwenzake wa kweli duniani, ya kupimia. Alipiga gitaa la mwisho kwenye simu na kwenye kanda kwa pamoja, kiganja juu ya spika, sikio zima limeinama. Sauti mbili zisipolingana hutetemeka, zikigombana; alizungusha skrubu unywele mmoja, akarudisha kanda, akapiga tena. Sijui mara ngapi. Jua lilisogea kutoka dirishani hadi mguuni pa kitanda, na lile gitaa la nchi ya mvua likawa linakuja na kuondoka chumbani hadi nikaacha kujua niko mwaka gani. Mwishowe mtetemo ulipungua, ukapungua, ukafa. Zikawa sauti moja.

Fundi alirudisha kanda kidogo, akaacha bisibisi mezani, akavaa ndala. "Mimi niko nje," akasema, na akaufunga mlango nyuma yake.

Nilibonyeza. Gitaa likanyooka, likafifia, likaisha. Kisha mama akaimba.

Alikuwa msichana. Sauti yake ilikuwa juu, nyembamba, yenye maringo, ikimtania bi harusi na kucheka katikati ya neno. Hakuwa amechoka hata chembe. Alikuwa mdogo kuliko mimi kwa miaka mingi, na alikuwa akifurahi. Nililia kwa sauti, sikujali. Wimbo ukaisha, na yule ajuza wa vigelegele akasema maneno yake, ila hakuwa ajuza. Maneno yalimtoka mbiombio, safi, yote:

"Haya nazima jamani, yule maskini wangu kasimama nje na jua lote hili!"

Nilizima. Nilirudisha kanda kidogo tu, hadi mahali mama anapomaliza, nikaenda kufungua mlango. Alikuwa upande wa pili wa kichochoro, mgongo kwa nyumba, mikono nyuma, jua likimpiga utosini.

"Fundi, ingia," nikamwambia. "Hii nyongeza ni yako."

Alivua ndala. Alikaa kitandani, akainamisha kichwa upande wa sikio zima, nami nikabonyeza. Ilikuwa sentensi moja. Ilipokwisha akanionyesha kwa kidole niirudie, nikairudia, akaonyesha tena.

"Upesi hivyohivyo," akasema mwishowe. "Alikuwa akisema upesi hivyohivyo."